Kujifunza Lugha ya Pili: Funga Kitabu Ujipime

Wako watu wengi katika nchi yetu ambao kila jioni, baada ya kazi, huketi karibu na taa na kufungua kitabu cha lugha ngeni. Mmoja ajifunza Kiingereza ili apate kusoma barua zake mwenyewe bila kumwita mtoto amsomee. Mwingine ametoka bara, na lugha ya mama yake ni Kikamba au Kijaluo, naye ataka Kiswahili kilicho safi ili aweze kufanya biashara na kusema barazani bila kuchekwa. Wote wana bidii. Walakini baada ya miezi kadha tutaona kwamba baadhi yao wameendelea sana, na wengine wamekaa palepale walipoanza, tena wamekata tamaa wakisema, "Mimi sina kichwa cha lugha."

Hatusemi kwamba watu wote wamepewa vipawa sawasawa. Wako wenye masikio mepesi na wako wenye masikio mazito. Lakini mara nyingi asemaye kwamba hana kichwa cha lugha, kichwa anacho. Asichokuwa nacho ni njia njema ya kujifunza. Makala haya yataka kueleza njia hizo: ni zipi, zafanyaje kazi, na kila mtu aweza kuzitumiaje nyumbani kwake bila gharama kubwa.

Tuwatazame watu wawili wa darasa moja la jioni. Wa kwanza ni karani. Kila usiku huandika katika daftari lake maneno 30 ya Kiingereza upande wa kushoto, na maana yake kwa Kiswahili upande wa kulia. Huyasoma yote mara tatu, kisha hufunga daftari na kulala akiwa na furaha. Wa pili ni seremala. Yeye huchukua maneno manane tu. Akisha kuyasoma, hufunika upande mmoja kwa kiganja cha mkono na kujaribu kusema maana ya kila neno pasipo kutazama. Neno lililomshinda hulitia alama. Asubuhi, akiwa njiani kwenda kazini, hujiuliza tena yale yale, na mchana akipata mteja ajuaye Kiingereza hujaribu kutumia neno moja au mawili.

Mwezi ukiisha, karani ana daftari lenye maneno 900, na seremala ana maneno kama 200. Ukilitazama daftari utasema kwamba karani ameshinda. Lakini ukiwasimamisha wote wawili mbele ya mtu wa kuzungumza naye, utaona kwamba maneno ya karani yamo katika daftari, na maneno ya seremala yamo kinywani. Hii ndiyo tofauti tunayotaka kuieleza.

Wataalamu Walivyochunguza

Mwaka 1975 mtaalamu mmoja wa Marekani, bibi Joan Rubin, aliandika makala ambayo yalisomwa na walimu wa lugha katika nchi nyingi. Zamani zile walimu walizoea kuuliza, "Mwalimu afundisheje?" Yeye aliuliza swali jingine: "Yule mwanafunzi afanikiwaye, yeye hufanya nini?" Akawatazama wanafunzi kwa makini, akaona kwamba wale wema hufanana kwa mambo kadha. Huwa tayari kukisia maana ya jambo wasilolijua. Huwa na hamu kubwa ya kuelewana na watu, hata kwa maneno machache. Hawaogopi kuonekana wajinga. Huangalia jinsi maneno yanavyopangwa. Hutafuta nafasi za kufanya mazoezi. Husikiliza usemi wao wenyewe na wa wenzao ili kuona makosa. Tena huangalia sana maana, wala si maneno matupu.

Baadaye, katika mwaka 1990, mtaalamu mwingine wa Marekani, bibi Rebecca Oxford, alitoa kitabu kilichozipanga mbinu hizo katika mafungu sita. La kwanza ni mbinu za kutia jambo katika kumbukumbu. La pili ni za kuishughulikia lugha yenyewe, kama kurudia, kuchambua na kuandika muhtasari. La tatu ni za kuziba pengo, yaani kufanya nini mtu anapokosa neno. La nne ni za kujipangia na kujisimamia. La tano ni za kutuliza moyo, kwa kuwa hofu huua lugha nyingi kabla hazijazaliwa. La sita ni za kushirikiana na watu.

Msomaji asiogope mafungu haya. Mengi katika hayo ameyatumia tangu utotoni bila kuyapa majina. Mtoto aliyefunzwa mafumbo na bibi yake jikoni alikuwa akitumia mbinu za kumbukumbu. Mfanya biashara ajuaye lugha tatu za soko, ambaye hakuingia shule hata siku moja, ametumia mbinu za kuziba pengo na za kushirikiana. Kazi yetu ni kuzitambua na kuzitumia kwa makusudi.

Kujipima Kuliko Kusoma Tena

Mbinu ya kwanza tutakayoieleza ni ile ya seremala wetu, yaani kujipima. Nayo ina ushahidi mzuri, tena ushahidi wenyewe watuhusu sisi, kwa kuwa ulipatikana kwa maneno ya Kiswahili.

Mwaka 2008 wataalamu wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walitangaza matokeo ya jaribio lao katika gazeti la sayansi liitwalo Science. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maneno 40 ya Kiswahili, pamoja na maana yake kwa Kiingereza, kama vile neno "mashua". Wanafunzi hao hawakujua Kiswahili. Waliyasoma maneno, kisha wakaulizwa, kwa zamu, mpaka kila neno likakumbukwa. Ila wanafunzi waligawanywa. Wengine, neno wakisha kulikumbuka mara moja, hawakuulizwa tena neno lile, bali waliendelea kulisoma tu. Wengine hawakulisoma tena, bali waliendelea kuulizwa. Wengine waliendelea na yote mawili, na wengine waliacha yote mawili.

Baada ya juma moja wote waliitwa wakapimwa. Wale walioendelea kuulizwa walikumbuka maneno kama 80 katika kila mia, yaani kama 32 katika yale 40. Wale ambao hawakuulizwa tena walikumbuka kama 36 katika mia, hata kama walikuwa wameendelea kusoma. Na wale walioacha yote mawili walikumbuka 33 katika mia. Basi kusoma tena na tena neno lililokwisha kujulikana hakukuleta faida kubwa. Kilicholeta faida ni kulivuta neno kutoka kichwani.

Na ajabu nyingine ni hii: wanafunzi walipoombwa wakisie watakumbuka maneno mangapi, makundi yote yalikisia karibu sawasawa, kama nusu. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kuyaamini maono yake mwenyewe katika jambo hili. Karani wetu hulala na furaha kwa sababu maneno yapo mbele ya macho yake, naye adhani kwamba kuyatambua ni sawa na kuyajua. Lakini kumtambua mtu ukimwona si sawa na kukumbuka jina lake akiwa mbali.

Kufanya hivi nyumbani ni rahisi. Kata karatasi vipande vidogo. Andika neno upande mmoja na maana upande wa pili. Tazama neno, sema maana kwa sauti, ndipo ugeuze. Kisha fanya kinyume chake: tazama maana, useme neno. Hii ya pili ni ngumu zaidi, tena ndiyo utakayoihitaji siku ya kuzungumza. Asiyekuwa na vipande vya karatasi atumie kiganja cha mkono. Na asikasirike anapokosa, maana neno lililokukosesha likakutoa jasho kidogo, mara nyingi ndilo litakalokaa.

Kurudia kwa Vipindi

Mbinu ya pili yashikamana na ya kwanza. Mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa muda mrefu, akijifunza silabi zisizo na maana na kupima amesahau kiasi gani baada ya saa, siku na majuma. Kitabu chake kilitoka mwaka 1885. Aliona kwamba kusahau huenda mbio sana mwanzoni, kisha hupungua mwendo. Sehemu kubwa ya yale tunayosahau hutupotea mapema, katika saa na siku za kwanza.

Kwa hiyo asomaye saa tatu siku ya Jumamosi, kisha asishike kitabu mpaka Jumamosi ya pili, amechota maji kwa pakacha. Yafaa zaidi kugawanya saa zile tatu ziwe nusu saa kila siku kwa siku sita. Neno lililosomwa leo liulizwe tena kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, kisha baada ya mwezi. Likikumbukwa, lisogezwe mbele. Likisahauliwa, lirudishwe nyuma lianze upya. Mkulima hamwagilii mche debe zima siku moja akauacha mwezi mzima. Huupa kidogo kidogo, na mizizi ikisha kushika, ndipo aweza kuuacha siku nyingi.

Neno na Jirani Zake

Sasa nitaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, ili msomaji aone hasara ya kujua neno moja moja.

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kutafsiri, nililetewa tangazo fupi la Kiingereza juu ya chanjo ya ng'ombe iliyokuwa ifanywe siku ya Jumatatu. Tangazo lilisema kwamba chanjo hiyo ilikuwa 'put off'. Mimi nilijua vizuri kwamba 'put' ni kuweka. Nilikuwa nimelisoma neno hilo tangu madarasa ya chini. Lile dogo lililofuata sikulijali. Basi nikaandika, "Chanjo ya ng'ombe imewekwa siku ya Jumatatu." Kumbe maneno yale mawili yakikaa pamoja, maana yake ni kuahirisha.

Siku ya Jumatatu watu walikuja na ng'ombe wao, wengine kutoka mwendo wa saa nne au tano. Hapakuwa na daktari wala dawa. Ng'ombe walisimama juani mpaka saa nane, na ndama mmoja akafa njiani wakati wa kurudi. Nilipokwenda kuomba radhi, mzee mmoja alinitazama, wala hakunitukana. Alisema, "Mwanangu, sisi hatukusoma. Karatasi ilituita, tukaja." Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Tangu siku ile sijapata kuandika neno la Kiingereza peke yake katika daftari langu. Huliandika pamoja na jirani zake.

Mashauri yenyewe ni haya. Usijifunze neno tupu. Jifunze neno ndani ya sentensi fupi uliyoisikia au uliyoisoma. Katika Kiingereza angalia hasa yale maneno madogo yafuatayo kitendo, kwa kuwa hugeuza maana yote. Katika Kiswahili, mgeni aliyejifunza "ukuta" peke yake hajajifunza nusu ya kazi. Na ajifunze "ukuta mrefu, kuta ndefu". Asiandike "jicho" tu, bali "jicho jekundu, macho mekundu". Hivyo ngeli itaingia pamoja na neno, wala hatahitaji kuihesabu kwa vidole kila anapotaka kusema.

Tena ajihadhari na maneno yanayofanana. Kufanana kwa maneno ni msaada mkubwa. Mtu ajuaye baiskeli, benki na daktari tayari ana maneno kadha ya Kiingereza mfukoni. Lakini wako ndugu wa uongo. Kwetu Kenya mtu akisema kwamba aenda hotelini, mara nyingi aenda kula au kunywa chai. Mwingereza akisema 'hotel', afikiri nyumba ya wageni kulala. Ajengaye maana kwa sauti tu aweza kulala na njaa au kula bila kupata kitanda.

Picha ya Kukumbukia

Yako maneno magumu yasiyokubali kukaa kichwani hata yakirudiwa. Kwa hayo iko mbinu ya kutumia picha. Tafuta katika lugha yako neno linalofanana kwa sauti na lile geni, kisha yaunganishe yote mawili kwa picha moja ya ajabu. Kwa mfano, mwana-kondoo kwa Kiingereza ni 'lamb', nalo hutamkwa kama "lam", herufi ya mwisho isisikike. Sauti hiyo yakaribia neno letu "lamba". Basi fumba macho umwone mwana-kondoo analamba chumvi katika kiganja chako. Siku nyingine ukitaka neno lile, picha itakuja kwanza na neno litaifuata.

Mwaka 1975 wataalamu Richard Atkinson na Michael Raugh, huko Marekani, walilijaribu jambo hili kwa maneno 120 ya Kirusi yaliyofundishwa kwa siku tatu. Waliotumia mbinu hii walijua maana ya maneno 72 katika mia, na wale wengine 46. Walakini isitumiwe kwa kila neno, maana mtu atachoka kubuni picha. Itumiwe kwa yale sugu tu.

Kukisia, na Kuzunguka

Asomaye lugha ngeni akisimama kwa kila neno asilolijua na kufungua kamusi, atasahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho. Yafaa kwanza akisie. Mathalani, mgeni wa Kiswahili asoma, "Mvua ilipozidi, mto ulifurika ukachukua daraja." Hajui "ulifurika". Lakini ajua mvua, ajua mto, na aona kwamba daraja limechukuliwa. Basi aweza kukisia kwamba maji yalijaa yakapita kando. Na aendelee mbele, atie alama, na akimaliza ukurasa ndipo afungue kamusi kuona kama alipata.

Ila liko onyo moja. Penye dawa, penye sheria na penye fedha, mtu asikisie. Maelezo ya chupa ya dawa na mkataba wa kuuza shamba si mahali pa mazoezi. Hapo na aulize ajuaye.

Katika kusema pia liko pengo. Seremala wetu akizungumza na mteja Mwingereza aweza kusahau jina la randa. Mwanafunzi dhaifu angenyamaza hapo, na mazungumzo yangekufa. Seremala aseme kwa Kiingereza chake kidogo, "kile chombo cha kulainishia mbao." Mteja atalitaja neno lenyewe, na seremala atakuwa amepata mambo mawili: mazungumzo yameendelea, na neno limerudi kutoka kinywa cha mwenye lugha.

Kuuliza Pasipo Aibu

Wengi wetu twaona haya kusema lugha ngeni mbele ya watu, hasa mbele ya vijana waliotupita kwa elimu. Baba wa watoto watano hapendi kusahihishwa na mtoto wa shule. Lakini tuwakumbuke wale waliojifunza Kiswahili wakati hapakuwa na kitabu cha kukifundishia. Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka uo huo mkewe na mtoto wake mchanga walikufa pale. Hata hivyo aliendelea kuuliza wenyeji na kuandika, na mwaka 1850 kikapigwa chapa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, naye alikuwa amekwisha kufa mwaka mmoja kabla yake. Mwingereza Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864. Yeye alikaa na watu akaandika hadithi walizomsimulia kwa vinywa vyao, na hadithi hizo zikatolewa katika kitabu mwaka 1870.

Watu hawa walikuwa wasomi katika nchi zao, lakini hapa walikuwa kama watoto, wakiuliza jina la hiki na la kile. Mbinu yao hata leo haina gharama. Mwombe mwenye lugha akueleze jambo fupi: jinsi apikavyo wali, au jinsi avuavyo samaki. Andika uliyoyasikia. Kisha msomee yale uliyoandika na umwombe akusahihishe. Waambie rafiki zako mapema, "Nikikosea, nisahihishe," maana watu wengi wana adabu, nao hunyamaza wasije wakakuvunjia heshima. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na msemo huo watosha kuwa dawa ya aibu.

Sauti nazo zahitaji sikio la mtu mwingine. Kwa Kiingereza, 'ship' ni meli na 'sheep' ni kondoo, na sisi tuliozoea irabu tano twayasikia kama neno moja. Siku hizi simu nyingi zaweza kunasa sauti. Jinase ukisema, kisha sikiliza msemaji wa redio akitamka, ulinganishe. Mara ya kwanza hutapenda kujisikia. Mara ya kumi utaanza kujisahihisha mwenyewe.

Kujipangia

Msomaji akisha kusikia mbinu hizi zote aweza kudhani kwamba afadhali azishike zote kwa pamoja. La. Katika mwaka 1990 wataalamu wawili, Vann na Abraham, waliandika habari za wanafunzi walioshindwa kuendelea. Waliona kwamba wanafunzi hao hawakukosa mbinu. Walikuwa nazo nyingi, lakini walizitumia mahali pasipofaa. Fundi hajulikani kwa wingi wa vyombo, bali kwa kujua kipi ni cha kazi gani. Msumeno ni mzuri, lakini haupigi msumari.

Kwa hiyo kwanza jiulize: lugha hii naitaka kwa kazi gani? Atakaye kusoma barua na asome barua. Atakaye kusema na wateja na aseme, hata kama ni peke yake njiani. Kisha weka lengo la juma moja ambalo laweza kupimwa. Usiseme, "Nitajua Kiingereza." Sema, "Kufikia Jumapili nitaweza kueleza kwa maneno kumi jinsi ya kufika nyumbani kwangu."

Huu hapa ni mpango wa nusu saa kwa siku, ambao hata mwenye kazi nyingi aweza kuushika. Dakika kumi za kwanza, kitabu kikiwa kimefungwa, jiulize maneno na sentensi za siku zilizopita. Dakika kumi za pili, soma au sikiliza jambo jipya, na uchague maneno yasiyozidi manane pamoja na jirani zake. Dakika kumi za mwisho, sema au andika sentensi zako mwenyewe kwa maneno hayo. Mara moja kwa juma mtafute mtu wa kukusahihisha. Na kila mwisho wa mwezi andika barua fupi kwa lugha ile, uiweke sandukuni. Baada ya miezi sita isome ile ya kwanza. Utaona makosa yako ya zamani, na kuyaona ni alama kwamba umeendelea.

Bandu bandu huisha gogo. Maneno manane kwa siku, hata ikiwa nusu yake itapotea, mwisho wa mwaka ni zaidi ya elfu moja. Karani wetu naye hajachelewa. Daftari lake la maneno 900 ni mali, kama atakubali kulifunika kwa kiganja na kujiuliza. Usiku wa leo na afungue ukurasa wa kwanza, achague maneno manane, afunge daftari, na kuona ni mangapi yatakayomjibu.